Bahasha Niliyoishona

Kwa binti yangu mpenzi,

Natumaini u mzima huko ugenini kwa mama mdogo. Sisi tupo. Bibi yako amepona kikohozi, sasa anagombana na redio. Cherehani nimeibadilisha mkanda.

Mwanangu, usimlaumu tena karani wa chuo chako cha huku. Bahasha ya matokeo yako aliifunga vizuri, akagonga muhuri, akaniambia niipeleke posta kama ilivyo. Mimi ndiye niliyeifungua. Nilitaka tu kuliona jina lako kwenye karatasi ya chuo kabla halijavuka mipaka. Nikasoma herufi moja moja, kisha nikaishona kwa cherehani, mshono mdogo kama wa kola, nikaona imekuwa imara kuliko mwanzo. Nikaituma. Sikujua chuo cha huko hakipokei bahasha iliyokwisha kufunguliwa.

Jana nilikwenda kwa karani nikamweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, mshono ni mzuri, ila hili siyo shati." Ametoa nyingine na kuituma mwenyewe, itafika kabla hawajafunga maombi ya wanaohamia kutoka vyuo vingine. Sikuigusa.

Lakini kuna jambo karani sikumwambia. Uliponipigia simu ukilia kwamba wamekukataa, nilikupa pole, na moyoni nikafurahi kwamba utarudi nyumbani. Nilifurahi mpaka jioni. Hilo ndilo linaloninyima raha, siyo bahasha.

Koti lako la baridi nimeshalikata. Kesho nalitia bitana.

Nisamehe,
mama yako.