Kura ya Jumamosi na Maneno ya Baba

Chumba cha Vifaa,
Chini ya Jukwaa Kuu.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mkaza mjomba hajambo? Sisi miili ni mizima.

Nimemaliza shule, kama ulivyosikia. Sasa namsaidia baba kufua jezi za timu. Nazigeuza ndani nje kabla ya kuziloweka, ili namba zisibanduke. Naipenda kazi hii kwa sababu jezi haziniulizi maswali.

Lakini ninaogopa, Mjomba. Jumamosi klabu za ligi kuu mtapiga kura kama hela za televisheni zigawiwe mpaka kwetu madaraja ya chini, na wewe ndiye utakayeinua mkono kwa niaba ya klabu yako. Katibu wetu ametuambia wazi kwamba bila mgawo huo, msimu ujao hakuna timu.

Baya zaidi ni hili la baba. Siku pendekezo liliposomwa redioni, alikimbia hadi katikati ya uwanja akawatangazia wachezaji kwamba hela zimeshapita. Alikata mbeleko mwana hajazaliwa. Beki wetu, Tingatinga, alikuwa ameitwa na timu nyingine. Akamwamini baba, akawakatalia. Mkewe ni mjamzito.

Kila asubuhi Tingatinga humtania: "Mzee wa jezi, hizo hela zako zinakuja kwa miguu, au?" Wote hucheka, na baba hucheka kuliko wote. Kisha huingia humu na kukunja upya jezi nilizokwisha kuzikunja.

Mama alimshauri akupigie simu. Akajibu, "Shemeji alishanipa dada yake, nimwombe na kura?" Kwa hiyo hajui kwamba nakuandikia.

Sijui mambo ya klabu kubwa, na huenda nakukosea adabu. Inua mkono, Mjomba. Kama haiwezekani, basi mpigie baba wewe mwenyewe kabla redio haijatangaza, apate muda wa kumfuata Tingatinga na kukiri kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akisikia redioni mbele ya wachezaji, sijui atauweka wapi uso wake.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie mkaza mjomba na bibi. Mungu akutangulie Jumamosi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukiuacha mkono mezani.