Mimi na Baba Yako Chini ya Chyulu

Mama Moraa, mke wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Sironga kutoka nchi hii ya mawe meusi. Mimi ni mzima. Je, wewe na mtoto hamjambo? Moraa ameacha kukohoa? Na mama yangu, lile goti lake linamruhusu kuteremka mtoni, au analalamika na kuteremka hivyo hivyo? Wimbi mmevuna, au ndege wamewatangulia? Niandikie yote, hata umbea wa majirani, maana hapa majirani zetu ni nyani.

Sasa keti chini. Barua hii usiisome kwa sauti mbele ya watu kama ulivyozoea, maana ndani yake yumo baba yako. Usishtuke, hajafa. Mbavu zinamuuma na ngozi ya mabega imechunika, lakini anatembea. Linalonisumbua ni jambo jingine.

Unajua kwamba nilipofika kazini hapa Ukambani, kwenye vilima vya Chyulu, nilimkuta yeye amenitangulia. Nilikuandikia, na bila shaka ulicheka. Mtu anapanda gari la moshi, anatembea mpaka viatu vinaachama, halafu anapokelewa na baba mkwe aliyechuchumaa anasonga ugali! Basi tuliishi kwa adabu zetu. Yeye moto wake upande mmoja wa kambi, mimi wangu upande wa pili. Bwana mpimaji, yule Mzungu aliyetuajiri, alidhani tumekosana, akataka kutupatanisha. Nikamweleza kwamba kwetu Kisii mtu na baba wa mke wake hawagusani, hawalali nyumba moja, na ole wao wakionana uchi. Tunaiita ensoni, na ni heshima, si chuki. Mutua, mpishi wetu Mkamba, akasema hata kwao ipo, ila wao humkimbia mama mkwe, na ana mbio kuliko wao. Tukacheka. Bwana hakucheka.

Kazi yenyewe ni kupima mapango. Haya si mapango ya kujificha mvua kama yale ya vilimani kwetu. Bwana anasema zamani mlima ulipasuka, mawe yakatoka yameyeyuka kwa moto, yakatiririka bondeni. Juu yakapoa yakaganda, kama utando unaokaa juu ya uji, na chini yake uji wa moto ukaendelea kutiririka mpaka ukaisha. Ukabaki mtaro mtupu wenye dari. Unaingia na kandili, unatembea, unatembea, unachoka, na mbele bado ni giza.

Jioni Bwana hutueleza mapango kama haya ya nchi nyingine, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Anasema viko visiwa katikati ya bahari kubwa ambako mlima bado unatapika moto, na mtaro unaanzia juu mlimani unaelekea pwani, na haijulikani umefika wapi. Iko nchi ya baridi ambako ndani ya pango kuna barafu, na watu waliofukuzwa na wenzao waliwahi kuishi humo. Na kiko kisiwa karibu na jangwa ambako wanawake na watoto walijificha pangoni wavamizi walipokuja kukamata watumwa. Hicho ndicho kilichonikaa moyoni. Nililala nikiwaza mama aliyemziba mtoto mdomo humo gizani.

Bwana hawazi hayo. Anachotaka kujua ni pango lipi kubwa kuliko yote. Nilimuuliza, kubwa kwa urefu au kwa upana? Maana hapa kuna chumba ambamo kanisa letu lingeingia na mnara wake, na kuna mtaro mrefu sana ambamo unainama njia nzima. Akasema ni urefu. Nikamuuliza tena, kama hata lile la visiwani halijafikiwa mwisho, unalinganishaje? Ni kama watu wawili wanaobishana ng'ombe wa nani ni mkubwa, na zizi lina giza. Mutua alinikanyaga mguu ninyamaze.

Ndivyo tulivyofika kwenye balaa. Hapa kuna mapango mawili, moja juu na moja chini, na katikati dari imeporomoka. Bwana anaamini yanaungana. Yakiungana yanakuwa pango moja, na hilo litatajwa pamoja na yale makubwa ya dunia. Chini ya kifusi tuliona kitundu kinachovuta upepo, na mwembamba wetu ni baba yako. Bwana akaagiza afungwe kamba kiunoni na mimi niishike, kisha akaondoka na Mutua kwenda kusubiri upande wa pili.

Mama Moraa, ile kamba hatukuifunga. Tungefungwaje kamba moja, mimi na baba yako? Hatukusemezana hata neno. Yeye aliiacha chini, mimi nikaitazama ikilala, na kila mmoja wetu aliona mwenzake ana adabu. Akanipungia mkono nirudi nyuma ya kona, kwa sababu mawe ya humo yananasa nguo na ilibidi azivue zote. Nikarudi. Nikamsikia anaingia, anakwaruza, anapumua. Halafu sikusikia kitu.

Nilipoita, sauti ilitoka mbali, nyembamba. Alikuwa amekwama kifuani. Kandili yake ilikuwa imepinduka na kuzimika. Nikasema ninakuja. Akasema, "Usije. Mwite Mkamba." Nikamwambia kwamba Mutua yuko ng'ambo ya kilima, mpaka nimfikie na kurudi pumzi itakuwa imekwisha. Nilisikia pumzi yake ikikatika kama ya mtoto aliyelia sana. Nilikuwa nimesimama pale na mwanga wangu, naogopa kuingia na naogopa kubaki, na nilikufikiria wewe.

Mwishowe akasema, "Zima taa."

Nikaizima. Giza la mle huwezi kulijua, mke wangu. Usiku wetu una nyota, au hata kaa moja jikoni. Mle ukifumba macho na ukifumbua ni mamoja. Nikatambaa kwa kupapasa mpaka nikashika nyayo zake, nikavuta kidogo kidogo, nikimwambia atoe pumzi, nivute, atoe tena. Jiwe lilimchuna, hakulia. Alipotoka alikuwa mwepesi mikononi mwangu, mifupa mitupu, na sikujua kuwa baba yako amekonda hivyo. Nikamfunika koti langu, nikamwekea nguo zake karibu na mkono, nikarudi nyuma ya kona. Huko nililia. Sikuiwasha taa mpaka yeye mwenyewe aliposema.

Bwana alipomuuliza kama mapango yanaungana, alijibu kwamba upepo aliusikia usoni, basi. Kwa hiyo hatujui, na dunia itasubiri.

Lakini tangu siku ile hakula chakula mbele ya mtu. Alimwambia Mutua kwamba harudi nyumbani kwake Gesima, kwamba ataenda pwani kwenye mashamba ya mkonge ambako hakuna Mkisii atakayemjua. Atamtazamaje binti yake, na mume wake amemshika vile? Mutua alipoyaleta maneno hayo kwenye moto wangu nilijua maana yake: wewe ulikuwa umempoteza baba, na mikono iliyomwokoa ndiyo iliyokuwa inamfukuza. Ningeweza kutoa mbuzi wa kutakasa, lakini atampokea nani kama mzee amepotea?

Leo asubuhi nilimwona amefunga mzigo wake. Akamtuma Mutua kwangu na swali: "Muulize mume wa binti yangu, siku ile aliniona?"

Nikamjibu, "Mwambie sikuona kitu. Kulikuwa giza."

Mutua akaenda, akarudi. Baba yako alikuwa amesema, "Basi mwambie nitapitia Nakuru nimnunulie mama yake Moraa kitambaa." Na njia ya Nakuru, mke wangu, si ya kwenda pwani.

Nisalimie mama na goti lake. Nisalimie kaka yangu mkubwa, umwambie ng'ombe asiwalishe upande wa mtoni mpaka pakauke. Msalimie mama yako huko Gesima, kwa mbali, kama inavyonipasa, na umwambie mumewe yuko njiani. Mbebe Moraa kwa ajili yangu.

Baba yako akifika, mpikie, na usimtazame sana mabega. Akikuuliza kama niliandika, sema niliandika habari za mapango tu.

Ni mimi mumeo,
Nyakundi