Mkorogo wa Yasmini

Mwaisha shoga, mimi ngozi yangu haijajua mkorogo tangu nizaliwe. Haya, ule wa harusi ya Iddi ulinibabua uso, shahidi wewe.

Sasa sikia balaa. Natoka kliniki na mjukuu wangu Yasmini, na tumbo lake lile. Majibu ya mkojo yamerudi, ana zebaki, imo kwenye mkorogo! Zebaki, Mwaisha! Nesi kasema inakula figo, inamfuata mpaka mtoto tumboni.

Nimemsihi, nimelia. Mtu mzima utamfunga mikono?

Nesi kamuuliza, "Umeacha?"
"Nimeacha, wallahi."
Nami kwa huruma nikadakia, "Niliutupa chooni mwenyewe."

Nesi kamfuta shingo kwa pamba, akaninusisha.

"Bibi, huu wa leo mmeuopoa chooni?"