Kofia za Bwera

Bwera, tarehe 9 Juni 1975

Mdogo wangu mpendwa Wivine,

Miaka kumi na mmoja imepita tangu nivuke mto Lubiriha kuingia Uganda, na bado nikiona mwandiko wako juu ya bahasha, hukaa chini kwanza ndipo niifungue. Natumaini kifua kimekuachia, na watoto wa ndugu yetu Philippe wanaendelea na shule. Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia ninapozunguka wodini.

Uliuliza kwa nini nimenyamaza tangu Pasaka. Niligombea uenyekiti wa chama cha wauguzi, tawi la Kasese. Usicheke. Rusi, muuguzi mwenzangu hapa, alifukuzwa kazi kwa kumzalisha mkimbizi wa Kikongo asiye na kibali. Mwenyekiti wetu, Tefiro, alikataa kumtetea. Alisema chama si wakili wa Wakongo. Ndipo Yunia, mkubwa wa zamu, akaniambia, "Muzee Anselme, wewe huna mke wa kukukataza. Simama."

Tulikutana Kasese, katika ukumbi wa parokia. Sisi hupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Walio zamu Bwera hawawezi kuacha wagonjwa, basi kwa desturi yetu kila mmoja hutuma kofia yake nyeupe, nayo huwekwa mstarini ihesabiwe kama mtu. Safari hii alikuwapo askari mwenye bunduki. Alisema ametumwa kuangalia usalama. Hakuna aliyethubutu kumwuliza na nani.

Tefiro alininyooshea kidole. "Huyu ni mutu wa ng'ambo! Leo munamuchagua, kesho iko kwao Butembo anakula makayabo, samaki yao ya chumvi!" Watu wakacheka. Askari hakucheka. Aliniamuru nijibu: nitarudi kwetu, au sitarudi? Nje, lori la saruji lilikuwa likibadilisha gia barabarani. Nikasema sitarudi.

Mistari ikapangwa. Walionifuata walikuja wameinamisha macho. Yunia akaweka kofia sakafuni, moja nyuma ya nyingine, na kwa kofia hizo nilikuwa nimemshinda Tefiro. Askari akazisogelea.

"Kofia iko na miguu?"

"Hapana, afande," Yunia akajibu. "Miguu iko kazini."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Askari akaipiga teke kofia ya mbele. "Ondoa!" Nikashindwa hivyo. Yunia aliziokota zote, akizipangusa vumbi kwa gauni lake, bila haraka.

Sasa nikuambie lililonizuia kuandika. Nilipotamka neno lile, nilidhani natafuta kura tu, na kwamba siku moja mimi nawe tungelicheka pamoja. Tangu siku ile nalipima kama ninavyopima homa ya mgonjwa, na halishuki. Kila mwaka nimekuandikia "mwaka ujao," nawe umekiezeka upya chumba changu. Leo sina cheo cha kunishika hapa, na Tefiro angefurahi kunisindikiza hadi darajani. Lakini Jumatatu ijayo nakwenda na Rusi kwa mganga mkuu wa wilaya kudai arudishwe kazini, na akitufukuza tutakwenda tena. Hapa ndipo ninapojua la kufanya nikiamka.

Wape watoto wa Philippe kile chumba. Wasalimie jirani wote wanaonikumbuka, na Yunia, asiyekujua, anakusalimu sana. Usinipangie safari tena, Wivine. Sitarudi.

Kaka yako,
Anselme