Mbawala wa Muhumba na Sufuria ya Cirhuza

Papa wangu,

Tangu tulipokuzika, watu wa mtaa wetu wa Kadutu wananiuliza kama nilitazama vizuri nani alikulisha nini. Kwetu hata kifo cha uzee lazima kitafutiwe mtu aliyekileta. Ndipo nikamkumbuka mbawala wako.

Ulimtunza katika bustani ya patron wako, mkubwa mmoja wa mtaa wa Muhumba, ambako rafiki yako Cirhuza alikuwa mpishi. Jumapili moja ulinipeleka nimwone akicheua, macho yamefumbwa nusu. Baadaye akaacha kucheua, akakataa majani, tumbo likavimba. Ulirudi nyumbani ukamnong'oneza maman, "Cirhuza iko anamulisha kitu. Iko na kijicho juu patron ananipenda." Tangu siku hiyo ukatukataza kula kwake.

Mnyama alipokufa, ulimtaja Cirhuza mbele ya patron. Askari walimchukua akiwa bado amejifunga tabliye ya jikoni.

Veterineri alipompasua mbawala, nilisimama nyuma yako. Alitoa tumboni donge gumu la sashe za plastiki na kamba ya nailoni, vimesokotana.

"Citoyen, hapa hakuna sumu," alikuambia. "Hii njo ilifunga njia. Majani ilikosa pa kupita."

Wageni wa patron walizoea kumtupia mikate ikiwa ndani ya sashe. Wewe mwenyewe uliwaona mara nyingi.

Cirhuza alitoka kasho, walikomfungia askari, amekonda, akaja kukupa mkono. Ulimpa wako. Alipoondoka ukaniuliza, "Na ile kamba, nani alimupa?"  Hukula tena kwake, Papa, na mimi nikakua nikinusa kila sahani ya jirani kabla ya kunawa.

Kwenye matanga yako Cirhuza alikuja, mzee sasa, amebeba sufuria ya foufou na sambaza, dagaa wa ziwani.  Shangazi akanivuta kitenge: "Weka pembeni, mutoto wangu." Cirhuza alisikia. Alibaki amesimama na kifuniko mkononi.

Nilikaa chini nikamega. Tonge la kwanza liligoma kooni, naye alikuwa akinitazama, nilijua ameona. Nikamega la pili. Hilo nililimeza.

Lala, Papa, na usinikasirikie.

Binti yako mkubwa