Khabari za Zuwena kwa Mamake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna maumivu yanayofichika mbele Yake, na rehema zimfikie Mtume wake na jamaa zake.

Mama Zuwena, mke wangu. Amani ikushukie hapo ulipolala, katika ardhi ya Ibra, huku Omani, mbali na Unguja tulikozaliwa sote wawili. Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Lakini sikukuandikia kwa ajili yangu. Nimekuandikia kwa ajili ya binti yako.

Tangu utuondokee, umeme umefika mtaani kwetu, na njia ya Suri imetiwa lami. Katika njia hiyo ndipo gari la mumewe Zuwena lilipopinduka. Wote walisalimika, ila mgongo wa Zuwena. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Ikapita miezi, ukapita mwaka. Wazee wakamchoma kiunoni kwa chuma cha moto, ndiyo dawa yao, kama walivyokuchoma wewe magotini, na kama kwako, ikabaki kovu tu.

Kisha akanyamaza.

Unaikumbuka desturi ya watu wa huku, iliyotushangaza tulipowasili. Mgeni huketi, akapewa tende na kahawa, akaulizwa khabari, naye lazima ajibu kuwa hakuna khabari ila kheri, hata kama ametoka kuzika. Siku ya kwanza ulicheka, ukaninong'oneza, "Hawa hata nyumba ikiungua watajibu kheri." Baadaye ukawa hodari wa jibu hilo kuliko wenyeji. Miaka yote ile viungo vikikutafuna, wanawake walikuja, wakauliza, ukajibu kheri, wakatoka wakikusifu kwa subira. Ulipoacha kula, wakasema unafunga sunna. Ulipojifungia chumbani, wakasema umejitenga kwa ibada. Waliokuosha walitoka wakilia kwa wepesi wa mwili wako. Na hata mazishini sifa ilikuwa ile ile ya subira.

Basi nilipoyaona hayo hayo kwa Zuwena, nilikukumbuka. Hakuwa akilala. Kofia aliyokuwa akimshonea mumewe, kazi aliyoipenda tangu ulipomfundisha kitundu cha kwanza, aliiacha na sindano ndani yake. Mwanawe alimjia akicheka, naye akamtazama kama mtoto wa jirani. Wifi yako Bi Asha, ambaye mzaha haumwishi, akasema mbele ya wageni, "Huyu kamrithi mamake. Ukimvunja mfupa ataomba radhi kwa kelele ya mfupa." Watu wakacheka. Zuwena naye akatabasamu, na tabasamu lile lilinitia khofu kuliko machozi.

Nikasema nitampeleka hospitali kwa huzuni yake. Mumewe, tunayekaa naye nyumba moja, alisita, akichelea watu kusema mkewe ana wazimu. Bi Asha akauliza: kinachouma ni mgongo, moyo unapelekwa kwa daktari wa nini? Niliwasikiliza wote wawili, kisha nikampeleka.

Daktari, Msudani mpole, akamwuliza hali. Akajibu kwa adabu uliyomlea nayo, "Alhamdulillah, kheri tu." Daktari akashika kalamu aandike dawa ya mgongo. Hapo nilivunja adabu, nikasema pasipo kuulizwa:

"Daktari, hiyo ni heshima. Bado hajakujibu."

Nikamweleza niliyoyaona: usingizi, chakula, kofia, mtoto. Akaweka kalamu chini, akamwuliza Zuwena, polepole, kama anatamani kufa. Mwanao akajibu akiitazama sakafu:

"Kila usiku naomba nisiamke. Mtoto apate mama mzima."

Nilimshika mkono, mke wangu.

Daktari hakushtuka. Alitueleza kuwa maumivu yakikaa sana humtia mtu huzuni iliyo maradhi khasa, na huzuni hiyo nayo huyazidisha maumivu. Ya mwili na ya moyo hutibiwa pamoja. Akasema huo si upungufu wa imani. Akampa vidonge vya usiku, akatuonya kwamba havifanyi kazi kwa siku moja bali baada ya wiki kadhaa. Akaagiza dawa zikae kwangu, asiachwe peke yake, atembee kidogo kila siku, na ashike kazi ndogo hata asipoitaka. Njiani nilimwambia Zuwena kuwa mitume walimlilia Mola wao waziwazi, wala hawakuacha kuitwa wenye subira. Alilia mpaka tukafika nyumbani.

Sisemi amepona. Mgongo ungali unamuuma, na zipo siku anageukia ukutani asitake kuonana na mtu. Lakini sasa analala. Bi Asha huja asubuhi kumtembeza mpaka kwenye falaji, mfereji unaonywesha mitende, akimsimanga kwa mapenzi: "Inuka, bibi harusi, mitende haitakuja kukuamkia." Juzi nilimwuliza mwanao hali yake. Akaanza jibu la desturi, akalikatiza.

"Leo vibaya, baba. Kaa hapa."

Nikakaa. Sijapata kusikia khabari mbaya nikamshukuru Mungu kama siku ile.

Kwaheri, mama wa mwanangu. Nakuahidi, maadamu ninavuta pumzi, binti yako hatasifiwa nyumbani mwangu kwa kunyamaza. Mola alinawirishe kaburi lako, akupe huko raha ya mwili uliyoikosa hapa, na awahifadhi uliowaacha chini ya dari hii, mkubwa na mdogo. Amin.

Mumeo.