Mtani Wangu Maganga

Jumatatu, 2 Septemba

Cherehani mbili kabla ya saa nne. Moja sindano imepinda, nyingine mwenyewe ndiye kapinda. Mama wa Magomeni, kaitia mashine mafuta ya kupikia. Nikamuuliza, unashona au unakaanga? Kacheka mpaka kashika ukuta. Ndiyo kazi yangu. Natengeneza cherehani mbovu na kuchokoza watu, na hilo la pili ndilo nililosomea zaidi, maana shule niliishia darasa la nne.

Saa tano wakaja watu wa filamu. Magari mawili, mataa, nyaya, vijana wenye suruali zilizochanwa kwa makusudi. Watakuwa hapa mtaani kwetu siku kumi. Mkubwa wao binti, ndiye dairekta, anaitwa Zuhura, mfupi kama chupa ya soda. Kanipa shikamoo ya adabu. Nikasema marahaba, na mahari yako kala nani? Kacheka. Nikajua tutaelewana.

Nikauliza filamu ya nini. Kasema ya mtu aliyeuawa sokoni na watu wenye hasira, baada ya kupigiwa kelele za mwizi.

Nikarudi kwenye benchi langu. Nikakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Jumanne, 3 Septemba

Zuhura katukusanya sisi wa vibarazani kutueleza. Filamu haina steringi mmoja. Wapo watano. Mama wa marehemu, askari aliyechelewa kufika, nesi, kijana aliyerusha jiwe la kwanza, na dada aliyerekodi kwa simu. Wanaendelea kuishi, wanauza nyanya, wanaoza watoto, lakini ndani wamebaki siku ile ile. Hakuna anayelala vizuri hata mmoja.

Salim, jirani yangu muuza vitambaa, akasema, mbona kama ya Maganga? Zuhura hakukataa. Kasema kasikia nyingi, ya Maganga ni mojawapo.

Maganga aliuawa mtaa huu huu, miaka minne sasa. Fundi viatu, nyumba mbili kutoka kwangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo watani, na tuliufanya utani kama ibada. Alikuwa akila chakula changu huku namtazama. Nilikuwa nikificha kiatu kimoja cha mteja wake. Aliwahi kuwatangazia watu nimekufa, wakaja na sanda. Miaka thelathini. Ukikasirika umeshindwa, na hakuna aliyeshindwa.

Kuna mtu alipiga kelele za mwizi, mtaa ukamaliza. Hakuwa mwizi. Sasa kila mtu anajua. Asiyejulikana ni aliyepiga kelele.

Nimepewa sehemu. Mzee anayekunywa kahawa. Nikamwambia Zuhura, hiyo siyo kuigiza, hiyo ni kunikuta.

Jumatano, 4 Septemba

Anayewalisha watu wa filamu ni Kabula, binti wa Maganga. Ana meza yake ya chakula pale kona. Ananiita baba mdogo, na utani kaurithi kwa baba yake.

"Shikamoo baba mdogo. Bado hujafa?"

"Marahaba. Nasubiri maharage yako yamalizie kazi."

Nikamuuliza kwa nini kakubali kuwapikia watu wanaoigiza kifo cha baba yake. Hakuacha kukoroga.

"Aliyepiga zile kelele bado anapita hapa, baba mdogo. Atakuja kuangalia. Mtu hawezi kuacha kuangalia. Nataka nimwone sura tu."

Halafu umfanye nini, nikauliza. Kasema akimwona ndipo atajua.

Miaka minne anauliza watu. Salim kaulizwa mara mbili. Wauza kahawa wote. Mimi aliniuliza mara moja, wiki ya mazishi. Nilimwambia nilikuwa nimeinama kwenye mashine, sikuona. Akaamini. Nimesema uongo maisha yangu yote kwa kujifurahisha. Ule tu ndio haujawahi kunichekesha.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike tu. Daftari hili halina msomaji, na mwandiko wangu hata mganga hausomi.

Nilikuwa mimi.

Saa nane mchana, jua kali, Salim na wenzake wa kibarazani wamekwenda kula. Wiki hiyo simu zilikuwa zimeporwa mno, watu wamevimba. Maganga akaja kwenye benchi, akachukua redio yangu ndogo, akaitia kwapani, akaondoka kwa madaha kama bwana harusi. Kawaida yetu. Mtani akichukua chako hugombani naye. Unampigia kelele, anakimbia kidogo, watu wanacheka, jioni anakirudisha na maneno ya kejeli juu yake.

Nikapiga kelele. Mwizi! Mwizi Mnyamwezi huyo! Huku nacheka.

Naye, mjinga yule, akakimbia. Goti bovu, anakimbia na anacheka. Angesimama wangeona ni mzee. Lakini utani unataka ukimbie, na Maganga hakuwahi kuharibu utani.

Nje ya kibaraza chetu kulikuwa na wageni tupu, wanunuzi, wapita njia. Hawakutujua. Wakainuka wote. Mimi nikadhani na wao wamejiunga na mchezo. Nikacheka zaidi. Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Nilikuwa bado nacheka na wao wameshaanza kumpiga.

Kufika kona nikasukumwa, nikaanguka. Nikalia, mtani wangu huyo, redio yangu, nimempa mimi. Hakuna aliyegeuka. Miguu tu. Suruali na miguu.

Askari alipouliza nikasema nilikuwa nimeinama.

Ijumaa, 6 Septemba

Msikitini nimesujudu, nikabaki huko huko chini mpaka wa nyuma yangu akakohoa.

Nimekumbuka mazishi. Watu walinisubiri mimi. Mtani ndiye wa kuchangamsha msiba, kumwigiza marehemu anavyochechemea, kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wampe chochote. Nilikuwa nimeshawatajia watu miaka mingi vituko nitakavyomfanyia Maganga siku yake. Siku ikafika. Nikakaa nyuma kabisa, kwenye mkeka wa wanawake wazee, nalia.

Watu wakasema, mtani kaumia sana. Nikapewa pole na ukoo mzima. Nikazipokea zote.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku mbaya.

Leo walikuwa wanarekodi zile kelele. Kwenye filamu mpigaji haonekani, ni sauti tu. Zuhura kajaribu vijana watatu. Kila mmoja anatoa macho, mishipa ya shingo nje, anabweka kwa hasira. Zuhura anatikisa kichwa. Hapana. Tena. Hapana.

Kisha kanigeukia. Mzee Pazi, wewe una sauti ya kupasua bati, hebu tusaidie.

Nikasema sitaki. Vijana wakaanza.

"Aa, mzee leo kaogopa kamera!"

"Mdomo wote ule umeuza?"

"Mwacheni, meno yatamtoka!"

Maneno yangu mwenyewe hayo, ndivyo ninavyowafanyia kila siku. Nikajikuta nimesimama. Nikasema mnakosea. Yule mtu hakuwa na hasira. Aliyepiga kelele alikuwa anacheka.

Zuhura akauliza, umejuaje mzee? Nikasema nabuni tu, si ndiyo kazi yenu hapa? Akafurahi. Akamwambia kijana mmoja, haya, piga kelele huku unacheka, kama unamchokoza rafiki yako.

Kijana akapiga.

Ilikuwa yenyewe. Ile ile. Nilikwenda nyuma ya gari la mataa nikatapika kahawa ya kuigizia.

Nilipoinua kichwa, Kabula alikuwa kasimama na mwiko mkononi. Ananitazama tu. Kisha akarudi mezani kwake, akagawa wali.

Jumapili, 8 Septemba

Sikutoka. Mpangaji mwenzangu kagonga kuuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekufa, aje kesho. Hakucheka. Mimi pia.

Nimehesabu njia za kukwepa. Ninaweza kusema niliota. Ninaweza kusema niliambiwa na mtu aliyekwisha kufa. Ninaweza kuhamia kwa dada yangu Kisarawe na benchi langu. Zote nzuri. Sina hata moja ninayoitaka.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwambia.

Nilikwenda asubuhi kabla watu wa filamu hawajafika. Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa mchanga. Hakunipa shikamoo. Nikajua anajua, anasubiri tu mdomo wangu.

Nikasema. Redio, kelele, kicheko, kona. Akaendelea kusugua.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena. Na acha kuchekesha."

Sikujua kama nilikuwa nachekesha. Mdomo una mazoea yake. Mara ya tatu nikasema kavu, kama mtu anayetaja majina ya mitaa. Redio ilikuwa yangu. Kelele zilikuwa zangu. Baba yako alikimbia kwa sababu tulikuwa tunacheza. Nilikuongopea ukiwa umevaa kanga ya msiba.

Hapo akaacha sufuria. Mikono imejaa mchanga na masizi, kaiweka hewani, hajui aipeleke wapi.

"Zile pole ulizokula kwetu," akasema, "zilikuwa tamu?"

Nikatazama mchanga mikononi mwake.

Akasema ondoka mbele yangu. Nikaondoka. Nilipopita kwa Salim akaniuliza mbona nimejaa vumbi magotini. Sikumbuki kupiga magoti.

Jumanne, 10 Septemba

Meza ya Kabula haipo. Watu wa filamu wamekula chipsi.

Nimekaa benchini kutwa nikimsubiri yeye, au askari, au kaka zake. Kila anayekuja namtazama mikono kwanza. Mtu kaleta cherehani ya mkono, nimeifungua, nimeshindwa kuifunga. Nimemrudishia ndani ya mfuko.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Miaka sabini na moja, na naogopa mtaa wangu. Mmoja akisema tu, ndiye huyu, wako tayari. Hawahitaji sababu nzuri, nimeshawaona.

Jumatano, 11 Septemba

Bado hayupo.

Zuhura kaja kukaa karibu yangu. Kabula kamweleza, sijui kwa maneno gani. Sikuona hasira usoni kwake, na ningependa niione. Kasema anataka kuongeza mtu wa sita kwenye filamu, yule mpigaji kelele, na kwamba hakuna wa kuicheza sehemu hiyo kama mimi. Kasema inaweza kuniponya.

Nikamwambia, binti yangu, nimeigiza miaka minne mfululizo, sijapumzika hata Idi. Tafuta mwingine.

Kasema anaelewa. Haelewi. Lakini kanishika bega kabla ya kuondoka, na nimeshindwa hata kumtania urefu wake.

Ijumaa, 13 Septemba

Watu wa filamu wameondoka jana. Wamesahau utepe mwekundu umefungwa kwenye nguzo ya umeme. Mtaa umerudi wa biashara.

Kabula kaja saa tatu asubuhi. Kakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakunisalimia, nami sikumdai salamu. Kavaa baibui nyeusi safi, mkoba mdogo mapajani. Katazama mashine yangu.

Kisha kauliza kama ni kweli baba yake alikuwa anacheka anakimbia.

Nikasema ni kweli.

Mpaka wapi?

Mpaka pale penye duka la mashuka. Nilimwona mgongo unatikisika. Ule ulikuwa mgongo wa kucheka, naujua.

Na baada ya hapo?

Ningeweza kusema sikuona. Nilitaka sana kusema sikuona. Nikamwambia baada ya hapo nilimsikia. Aliniita.

Akauliza, kakuitaje?

Mtani. Mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu anayesema mchezo umezidi sasa. Ya pili siyo hivyo.

Kabula kainama. Sikumgusa. Mteja kaja, kanitazama, katuona, kaondoka mwenyewe.

Baadaye kajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kasema mama yake yuko Tabora, hajui kitu, na yeye hatamwambia. Nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya kaka zake wote. Polisi au siyo polisi, mama ndiye atasema. Basi la kesho alfajiri. Tutakaa viti tofauti.

Nikauliza nibebe nini.

"Usibebe kitu."

Nimemaliza cherehani iliyobaki, nimeitia mafuta, nimempelekea mwenyewe. Salim kauliza nakwenda wapi, nikamwambia Tabora, kwa watani. Akacheka akidhani natania.

Nimeandika kwa chaki kwenye mlango, FUNDI KASAFIRI. Nilitaka kuongeza siku ya kurudi. Nikasimama pale na chaki. Nikaiweka chini.